Hina ya Vyuma vya Wakfu

Khitma ya marehemu Ubwa ilikuwa haijamalizika. Wanawake wamejaa mikekani ndani ya nyumba ya Mikunguni, ubani unafuka kwenye chetezo, juzuu zinapita mkono kwa mkono. Bashira, dada wa marehemu, akainuka pale alipokaa, akaenda moja kwa moja mpaka kwa wifi yake Riyama, mjane mwenyewe, akamshika kifundo cha mkono na kukigeuza kiganja juu mbele ya watu.

"Oneni," akasema. "Haya, oneni kwa macho yenu, msije mkasema Bashira muongo."

Kiganja kilikuwa chekundu. Haukuwa wekundu wa kuungua wala wa kufua, bali ule wa hina iliyokolea, kutoka ncha za vidole mpaka kwenye mstari wa kifundo. Akakigeuza na cha pili. Kilikuwa vilevile.

Mke aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hapaki wanja, hajitii manukato, na hina ndiyo haisogelei kabisa. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anayajua hayo. Na Ubwa alikuwa amezikwa juzi tu.

Bi Mwanakheir, mama wa marehemu, aliishusha tasbihi yake mapajani. "Mwanangu udongo wake haujakauka," alisema polepole, "na mkewe keshajitia hina. Ya nani hiyo, Riyama? Umepata mchumba hapohapo makaburini?"

"Lahaula!" mtu akasema nyuma.

"Si ya kujipamba, mama," Riyama alijibu, macho yapo chini. "Wallahi si ya kujipamba. Ni hina ya vyuma."

Kicheko kikapasuka, kile kicheko kibaya cha msibani ambacho kila mtu anakizuia kwa ncha ya mtandio.

"Ya vyuma!" Bashira akapiga makofi. "Jamani, chuma kinatiwa hina! Kinaolewa na nani? Mtualike basi na sisi, tuje tule biriani ya nondo."

Riyama hakujibu. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, na tusemeni haki, ndiyo iliyomponza. Dini inatufunza tusirudishe ubaya kwa ubaya. Lakini wapo watu ambao ukiwanyamazia wanaona umewadharau, na Bashira alikuwa mmoja wao.

Riyama alizaliwa Kwahani, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja. Babu yake alikuwa mtu wa Unyamwezi aliyekuja zamani kuchuma karafuu, asirudi tena kwao. Bibi yake ndiye aliyemlea, na bibi huyo alikuwa mpambaji wa maharusi. Kabla Riyama hajajua kusoma alijua kuitwanga hina, kuichunga, na kuinusa ajue kama ni ya mwaka huu au ya mwaka jana. Alisoma mpaka darasa la saba, akakaa nyumbani, akaposwa na Ubwa.

Ubwa alikuwa mtoto wa kisiwa cha Tumbatu, fundi, mtu mkimya kama yeye. Siku ya posa Bi Mwanakheir aliuliza mbele za watu, "Kwani wanawake wamekwisha Tumbatu?" Neno hilo hakulifuta mpaka leo. Akija mjini hulala kwa Bashira. Akimtaja Riyama husema "yule". Mungu hakuwajaalia watoto, na hilo nalo likatiwa kwenye hesabu ya "yule". Hata siku Riyama alipokwenda kumuuguza mkwewe kisiwani, akamfulia na kumkanda miguu, Bi Mwanakheir alipopona aliwaambia majirani kwamba amepona kwa duwa za Bashira.

Basi walikaa hivyo, mke na mume, wanapendana ndani na wanachukiwa nje, na kazi yao ilikuwa moja.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa kutu. Aishiye Unguja haambiwi habari ya kutu. Grili ukiitia leo, msimu haujapinduka ishaanza kulia machozi mekundu ukutani. Watu walimletea Ubwa mageti, bawaba, na vyuma vya madirisha ya nyumba kongwe za Mji Mkongwe. Uani kwake alikuwa na mapipa ya buluu ya plastiki, ndani yake tindikali iliyozimuliwa kwa maji. Chuma kinaingia na kutu yake, kinatoka kimetakata, kinakoshwa, kinafutwa na kupakwa rangi papo hapo kabla hewa haijakidaka.

Ila tindikali haina adabu. Ikimaliza kutu haishibi, inageukia chuma chenyewe. Pipa linachemka bila moto, linatoa povu na moshi wa kukohoza, na mwenye chuma chake akija anakikuta kimekonda. Ubwa aligombana na watu wengi kwa sababu hiyo, mpaka Mwalimu Nadra alipoleta geti lake.

Mwalimu Nadra anasomesha kemia, anakaa Chukwani. Aliwaambia kwamba yeye na wanafunzi wake walikuwa wakijaribu majani: mwarobaini, mkungu, hina. Unayachemsha, unayakamua, maji yake unayatia kwenye asidi, kisha unapima chuma kimepungua kiasi gani. Yote yalisaidia, na hina ikayashinda mengine.

"Yale maji yanakivisha chuma nguo nyembamba usiyoiona," alieleza. "Asidi inakula kutu yake. Ikifika kwenye chuma inakuta mlango umefungwa."

Ubwa alicheka, lakini akajaribu. Pipa lilinyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Tangu siku hiyo akawa akiwaeleza wateja kwa maneno yake mwenyewe: "Kutu ndevu, asidi wembe, hina povu la sabuni. Nani ananyoa bila povu?"

Shangazi yake Riyama ana ua wa mihina kuzunguka nyumba nzima huko Chukwani, kwa hiyo majani hayakuwa shida. Sufuria likawa la Riyama na pipa likawa la Ubwa. Wakajifunza pamoja kwamba ukitia kidogo, ile nguo inakuwa na matundu, na kwamba maji ya hina nayo huchoka, hayana budi kuongezwa. Riyama siku zote alikuwa akivaa mifuko ya nailoni mikononi anapokamua. Mtu mzima hatembei na viganja vya biharusi kila siku.

Kazi ya mwisho ya Ubwa ilikuwa ya wakfu. Iko nyumba Sokomuhogo iliyowekwa wakfu zamani na bibi mmoja asiye na mrithi, kodi yake inawasomesha mayatima. Msimamizi wake, Bwana Mansour, mtu mwembamba asiyejua kucheka, alimletea Ubwa vyuma vya madirisha ya juu. Vilikuwa vimefuliwa kwa nyundo na watu waliokwishaoza, na kutu ilikuwa imeshavila nusu ya unene.

"Hivi si vyangu wala si vyako," Bwana Mansour alimwambia. "Ni vya Mwenyezi Mungu. Kikiharibika kimoja utaulizwa huko, si na mimi."

"Nimevipokea," Ubwa alisema. "Viko shingoni mwangu."

Asubuhi moja akavitumbukiza kwenye pipa la tindikali. "Injika majani, mama," akamwambia mkewe, "mie nnakwenda kunywa maji." Akaanguka mlangoni mwa jiko. Makaa hayajashika moto vizuri, Ubwa alikuwa amekwisha kwenda kwa Mola wake. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nyumba ikajaa. Riyama akakalishwa chumbani kati ya wanawake, na katikati ya kile kilio akasikia sauti ambayo hakuna mwengine aliyeisikia: uani, pipa linachemka. Tindikali ilikuwa tupu, haina hina. Vyuma vya mayatima vilikuwa vinaliwa, na aliyeviweka shingoni mwake alikuwa amelazwa chumba cha pili akingojea kukoshwa.

Akamwita Mcha, mdogo wake Ubwa, ambaye naye ni fundi, mchomeleaji.

"Shemegi, tafadhali, vitoe vile vyuma uani. Vina asidi tupu."

Mcha alimtazama kama aliyetemewa mate. "Leo siku ya chuma, shemegi? Kaka yangu hajakoshwa, unanambia chuma?" Akatoka.

Peke yake hakuviweza, ni virefu na vizito. Na chuma kilichotoka kwenye tindikali kikiachwa bila kukoshwa na kupakwa rangi kinarudi kwenye kutu kwa ghadhabu zaidi. Pipa nalo halimwagwi, kisima cha jirani kiko pale. Lililobaki lilikuwa moja. Riyama aliinuka, watu wakadhani anakwenda kutia udhu. Akapuliza makaa, akachemsha majani, akayakamua kwa mikono mitupu kwa sababu mifuko ya nailoni hakujua iko wapi na hakuwa na akili ya kuitafuta. Yalikuwa ya moto. Akayamimina pipani, akangoja mpaka pipa likanyamaza, akaenda kukaa karibu na mume wake.

Kesho yake viganja vikamsaliti. Alivisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa mchanga. Lakini hina si tope.

Haya ndiyo aliyotaka kuyaeleza siku ile ya khitma, na hakuna aliyetaka kuyasikia. Bashira alikwishamwita Mcha kutoka barazani. Mcha akaenda uani, akafunua pipa, akaona maji mekundu yamefifia kuelekea kahawia, mabaki ya majani yanaelea, na chini yake vyuma vimelala kama vilivyozikwa.

"Huu uganga," akasema.

"Ni hina, shemegi. Kaka yako mwenyewe ndiye aliye—"

"Usimtaje kaka yangu!" Alikuwa mlangoni sasa, sauti imempanda mbele ya wanawake wote. "Kaka yangu alikuwa mzima, anakula, anacheka, akaanguka ghafla. Na uani kwake kuna pipa la maji mekundu na mkewe ana mikono myekundu. Mimi si mtoto mdogo, bwana."

Neno hilo lilipita mkeka hadi mkeka. Hakuna aliyelikanusha. Wako waliosogeza miguu yao mbali na Riyama, kidogo tu, kama mtu anayepisha maji yanayotambaa.

Hukumu ikatolewa na Bi Mwanakheir, bila kupaza sauti. Riyama atakaa kizuka chumba cha nyuma kama sheria inavyotaka, uani hatoki. Mcha akatia kufuli mlango wa uani na ufunguo akaufunga kwenye shuka yake. Bashira akajitandikia mkeka mlangoni.

"Watu wa bara eda hawaijui," alimwambia mama yake, kwa sauti ya kusikika. "Tutamfunza."

Tuseme ukweli kuhusu Mcha: hakuwa mtu mbaya. Alimpenda kaka yake, na alivionea uchungu vile vyuma vya wakfu kuwa ndani ya maji ya mwanamke aliyevunja eda. Alipokuwa kijana aliwahi kufanya kazi na Ubwa, zamani, kabla ya hina, na alilolijua ni lile la zamani: asidi kali, kazi ya haraka. Basi siku iliyofuata, baada ya adhuhuri, akaja na madumu. Akajaza pipa la pili, dogo, wala maji hakuyapima. Akavitoa vyuma nusu kutoka kwenye hina, ndivyo pipa lilivyoweza kuchukua, akavitumbukiza kwenye tindikali safi. Moshi ukamkaba. Akafunika, akafunga kufuli, akaenda zake. Vikitakata, alijiambia, atavitia na vilivyobaki.

Dirisha la chumba cha nyuma linatazama uani. Riyama alikuwa kwenye msala wake aliposikia.

Chwaaaa.

Alisimama. Akasogeza pazia. Pipa dogo lilikuwa linatoa povu pembeni mwa kifuniko. Hatua chache tu, na baina yake na pipa ni grili ya dirisha, aliyoitia Ubwa mwenyewe kwa mkono wake.

"Wifi," aliita. "Wifi Bashira!"

"Unataka nini? Wanja?"

"Mcha amevitia vyuma kwenye asidi tupu. Vinaliwa. Sikia! Mpelekee habari, nakuomba kwa jina la Mungu, aje avitoe."

"Kizuka hapigi kelele."

"Mpigie simu wewe. Mimi sitasema naye."

"Riyama," Bashira alisema akijigeuza mkekani, "uliwahi kuniona mimi kijakazi wako? Mwache Mcha afanye kazi ya kiume. Mmeifanya ya jikoni vya kutosha."

Pembeni mwa chumba lilikuwapo birika kubwa la maji ya hina. Alikuwa ameyachemsha kabla hajafungiwa ili ayaongeze pipani, na alilileta chumbani wageni wasije wakalidhani la chai. Alilishika sasa kwa mikono miwili, halina kazi, kama aliyeshika dawa na mgonjwa yuko ng'ambo ya mto. Akafungua mlango. Bashira akainuka kumzuia, ila nyuma yake alikuwa amesimama Bi Mwanakheir, kelele imemwamsha usingizini.

Riyama akapiga magoti. Miaka yote ile hakuwahi kumpigia mtu magoti isipokuwa kumkanda mama huyuhuyu miguu.

"Mama. Mimi nifungie, sitatoka. Nichukie, sitakasirika. Lakini haya maji chukua wewe kwa mkono wako, Mcha akupe ufunguo, ukayamimine pipa dogo. Vile vyuma viko shingoni mwa Ubwa. Si mwangu, mama. Mwa mwanao."

Bi Mwanakheir alilitazama birika. Alifunua kifuniko chake, akanusa. Harufu ya hina ni harufu ya harusi, na pengine lau ingekuwa na harufu nyengine yoyote mambo yangekwenda vyengine. Uso ulimkaza. Akalichukua birika mikononi mwa Riyama, akaenda nalo mpaka kwenye karo, akaliinamisha. Maji yakaenda yote, mekundu, mpaka tone la mwisho.

"Mwanangu usimfanye sababu ya mambo yako," alisema. "Rudi ndani."

Riyama akarudi ndani. Alikaa kwenye msala akisikiliza lile pipa mpaka magharibi, na baada ya isha, na hakuwa na la kufanya ila kusema na Mola wake. Hakuomba mabaya kwa mtu. Alitaka kuomba, shetani alimletea maneno tayari mdomoni, akayameza.

Asubuhi Bwana Mansour akaja. Alikuwa amesikia maneno ya mtaani, na hakujisumbua kukaa wala kutoa pole ndefu.

"Naambiwa vyuma vya wakfu vimerogwa," alimwambia Mcha mlangoni. "Sitaki hadithi. Nipe vyuma."

Wakaenda uani wote: Mansour, Mcha, Bashira, na Bi Mwanakheir aliyekaa kwenye kidaraja cha mlango na tasbihi yake. Riyama alibaki chumbani nyuma ya pazia la dirisha.

Mcha alianza na pipa dogo, kwa sababu ndilo alilotaka kuonyesha. Akavaa mipira ya mikono, akainua cha kwanza. Kilikuwa chepesi. Alikigeuza, akakikosha kwa maji haraka, kama anayetumaini maji yatarudisha kitu. Kilikuwa kimejaa vishimo kama uso wa aliyeugua ndui, na katikati kimekonda kama mwiko uliochakaa. Bwana Mansour akakichukua, akakiweka gotini, akakibana kidogo tu. Kikakatika.

Akaokota cha pili. Vilevile.

Kisha akaliendea pipa kubwa mwenyewe, akaagiza Mcha avitoe vya humo. Vilitoka vikitona maji ya rangi ya chai, na vilipokoshwa vikang'aa kijivu, na juu yake, chuma kizima, kulikuwa na alama za nyundo za yule mhunzi wa zamani, moja moja, unaweza kuzigusa kwa kidole.

"Sasa," alisema Bwana Mansour. "Hivi nitavirudisha dirishani. Hivi vyengine nivirudishe wapi? Ubwa alinambia viko shingoni mwake. Basi viko. Mimi siwezi kumsamehe, si mali yangu. Lau ingekuwa yangu ningekwisha kumsamehe jana."

Bi Mwanakheir alinyanyua uso.

"Kazi ilikuwa ya marehemu, bwana," Mcha alisema. Alikuwa haangalii mtu. "Na mkewe ndiye aliyeivuruga kwa majani yake."

Riyama alishika pazia. Akisema, atamfedhehesha mtoto mbele ya mama yake. Akinyamaza, Ubwa atalala na mzigo usio wake. Safari hii hakunyamaza.

"Bwana Mansour," sauti yake ilitoka ndogo lakini ikatoka. "Vilivyo vizima ndivyo vilivyokuwa kwenye majani. Ubwa hakuvitia hivyo vyengine pipa dogo. Pipa hilo halikuwa na kitu siku aliyokufa."

"Kizuka anasema na wanaume!" Bashira alipiga kelele. "Hana haya!"

"Muongo," alisema Mcha.

"Mimi nimeuliza vyuma, sikuuliza haya ya mtu," Bwana Mansour alijibu. "Nani aliyevitia humu? Kama ni Ubwa, dhima ni ya Ubwa. Semeni nijue nnaondoka na lipi."

Mcha alivua mpira mmoja wa mkono, akauvaa tena.

"Mcha," Bi Mwanakheir aliita.

"Naam, mama."

"Nani?"

"Mama, mambo ya kiufundi haya, hutaya—"

"Nimezaa wawili wa kiume," Bi Mwanakheir alisema, na sauti yake ilikuwa ileile kavu aliyoitumia kwa Riyama miaka yote. "Mmoja anaweza kutengeneza alichoharibu. Mwengine hawezi tena, hana mkono, hana ulimi. Unataka kumtwisha yule asiyeweza? Nani?"

Mcha alitazama chini kwenye vipande vya chuma.

"Mimi," akasema.

"Na hina iliyokuja kuviokoa niliimwaga mimi," Bi Mwanakheir akamwambia Bwana Mansour. "Kwenye karo, kwa mkono huu. Nilipigiwa magoti nikamwaga."

"Mama!" Bashira alimshika bega.

"Niondolee mkono. Nnasema na bwana huyu." Akainuka, na kuinuka kwake kulichukua muda, magoti hayakuwa mazuri. "Umesikia? Sasa sema ya mwanangu. Yaseme hapa, nisikie."

Bwana Mansour alilipima neno kabla ya kulikabidhi. "Kwa hivi vyuma Ubwa hana dhima. Nashuhudia hapa, na nitashuhudia kesho mbele ya Mola. Dhima ni ya Mcha. Atafua vyengine kwa mfano wa hivi, na vilivyobaki dirisha la chini atavitoa kutu yeye, bila ujira."

"Alhamdulillahi," Riyama alisema nyuma ya pazia, na machozi aliyoyazuia tangu mazikoni yakamtoka yote kwa pamoja.

Bi Mwanakheir hakugeuka. "Wewe hakuna aliyekuuliza," alisema, akaingia ndani.

Asidhani mtu kwamba baada ya hapo walikumbatiana. Bashira aliendelea kuitikia salamu za wifi yake kwa pua. Mtaani wako waliosema hina ya vyuma ni kweli, na wako waliosema mchawi hodari hujua pia kujitetea, na hao wa pili ndio walikuwa wengi. Bi Mwanakheir alirudi Tumbatu bila kuaga chumba cha nyuma, ila alipofika gatini, wanasema, aliagiza mtu ampelekee Riyama kaniki mpya ya eda. Riyama aliipokea, akaivaa. Aliyeileta alimuuliza apeleke salamu gani, akasema, "Mwambie mama, imenitosha."

Mcha alirudi uani siku vyuma vya dirisha la chini vilipoletwa. Alifungua kufuli mwenyewe. Alifanya kazi asubuhi nzima bila kusema na mtu, akivunja makaa, akigonga masufuria kwa kishindo zaidi ya ilivyohitajika. Hatimaye akaja akasimama chini ya dirisha, ubavu ubavu, uso ameupa ukuta.

"Shemegi."

"Naam."

"Majani kiasi gani?"

"Makavu au mabichi?"

"Kwani nimekuuliza habari zake? Nambie kiasi."

"Makavu hayafanani na mabichi, shemegi. Ukikosea, utakaa na Bwana Mansour tena."

Alipumua kwa nguvu. "Makavu."

"Sufuria lile la masikio, lijaze mpaka mdomoni, uyashindilie. Maji yayafunike tu. Yakianza kunuka kama nyumba ya harusi, yaache kidogo tena, kisha ukamue. Vaa mifuko. Na unapomimina, sema Bismillahi."

"Nshasema."

"Umeisema ulipokuwa ukivunja makaa. Nilikusikia. Ile umeisema kwa hasira."

"Usinifunze dini, shemegi!"

Riyama akasikia miguu ikiondoka kwa kishindo, kifuniko kikifunuliwa, majani yakishindiliwa. Kukapita muda. Kisha, kwa sauti ya chini, ya kununa, kama mtu anayerudisha kitu alichokichukua na bado anakitaka, akamsikia Mcha akiisema upya.